Karani Aliyejibu Alichoulizwa

Jibu ulichoulizwa, usiongeze. Kanuni hiyo alifundishwa wiki yake ya kwanza kazini na karani mkuu aliyemtangulia, naye akaishika miaka ishirini na tisa bila kuivunja hata siku moja. Katika masjala ya ardhi ilikuwa kanuni nzuri. Mtu akija dirishani akauliza kama jalada la kiwanja chake lipo, huambiwa lipo au halipo. Haambiwi ni nani mwingine aliyekuja kuliulizia juzi, wala kwamba ndani yake mna barua ya pingamizi kutoka kwa kaka yake wa tumbo moja. Ndimi za makarani zimewahi kugombanisha koo nzima. Yeye hakugombanisha mtu. Ofisini walimwita Jalada, na jina lilimkaa: amefungwa, amenyooka, na cha ndani hukipati mpaka ujue namba.

Kosa lake ni kwamba kanuni ya dirishani aliichukua akaenda nayo nyumbani, kisha akaenda nayo hospitalini.

Maradhi yalimjia alfajiri moja akiwa kitandani. Aligeuka ubavu wa kulia, na dari likakimbia. Chumba kizima kilizunguka kama gurudumu lililoachiwa kwenye mteremko, naye akashika ubao wa kitanda kwa mikono miwili akingoja kutupwa. Ilichukua muda wa mtu kuhesabu hadi ishirini, kisha ikatulia, ikabaki kichefuchefu na jasho shingoni. Mke wake alikuwa ameshaamka, yupo sebuleni kwenye cherehani yake, maana alishona sare za shule na kazi aliianza mapema.

"Umeamka?" akauliza kutoka huko.

"Nimeamka," akajibu.

Hiyo ilikuwa kweli. Kila alichojibu tangu siku hiyo kilikuwa kweli.

Baada ya wiki mbili alikwenda zahanati. Alikaa saa tatu kwenye benchi la mbao, na alipoingia daktari alimwuliza kama anasikia kizunguzungu. Akasema ndiyo. Akiinuka? Ndiyo, maana hata akiinuka kutoka kitandani kilikuja. Kichwa kinauma? Kidogo. Daktari akampima presha, akaikuta imepanda kidogo, kama ambavyo ingepanda ya mwanamume yeyote wa miaka hamsini na nne aliyekaa saa tatu kwenye benchi la mbao. Akaandika presha kwenye kadi, akagonga muhuri, akampa vidonge.

Hakuulizwa kama kinakuja akijigeuza kitandani. Hakuulizwa kama kinakuja akitazama juu. Kwa hiyo hakusema.

Mara ya pili alimkuta daktari mwingine, naye akaanza na kadi. "Naona una presha," akasema. "Imeandikwa hivyo," Jalada akajibu. Wa tatu akaongeza vidonge. Kuna madaktari wanaosoma kadi kuliko wanavyomsoma mtu, na lawama yao ipo pale pale. Lakini huyu mgonjwa naye alikuwa ameishi kati ya makaratasi mpaka akaamini kwamba kilichoandikwa na kugongwa muhuri ndicho kilivyo, hadi kiandikwe kingine juu yake. Haikumjia akilini kwamba kadi ile ilihusu mwili wake mwenyewe, na kwamba shahidi aliyekosekana alikuwa yeye. Watu husema mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye hakuficha. Alikuwa akingoja swali.

Akajitibu kwa namna yake. Aligundua kwamba akilala ameketi, dunia inatulia. Basi akahamia kwenye kiti kikubwa cha sebuleni, mto huku na mto huku ili kichwa kisianguke upande. Ofisini akaacha kupanda ngazi. Masjala ile ilikuwa chumba kirefu chenye rafu kuanzia sakafuni hadi darini, majalada yamefungwa kwa utepe mwekundu, na ya zamani yako juu kabisa ambako lazima mtu ainue uso. Alikaa Jumamosi mbili peke yake akiyateremsha kwa kupapasa, bila kutazama, ili yanayoulizwa sana yawe usawa wa kifua. Akajifunza kutembea kama mtu aliyejitwika ndoo iliyojaa maji, shingo haigeuki, anageuka mwili mzima.

"Mzee Jalada, umeandikishwa jeshini?" mpiga chapa akamtania, mama mmoja mwenye ulimi mwepesi ambaye hata baada ya kuletewa kompyuta alibaki kuitwa mpiga chapa. "Shingo hiyo, ukipigiwa saluti utajibu."

"Hapana," akasema. "Sijaandikishwa."

Wote wakacheka, naye akarudi dirishani. Lakini siku alipoinama kuokota muhuri, akainuka na kuukumbatia ukuta mbele ya wateja, hawakucheka tena. Kesho yake mkuu wa ofisi akamwita, akafunga mlango.

"Nitakuuliza kiume, nijibu kiume. Unakunywa?"

"Hapana, mkuu."

Mkuu akangoja. Alikuwa mtu wa haki, na alingoja muda mrefu kuliko wakubwa wengi, huku akizungusha kalamu vidoleni, apewe neno lolote la kumsaidia asiamini alichoambiwa. Neno halikuja. Wiki iliyofuata Jalada akaondolewa dirishani, akapelekwa chumba cha nyuma kuandika upya namba za majalada yaliyofifia. Chumba kilikuwa na meza moja, taa moja, na dirisha lililotazama ukuta wa jirani. Siku nyingine aliingia saa mbili na kutoka saa kumi bila kusema neno lolote isipokuwa salamu.

Nyumbani mambo yalikwenda kwa njia hiyo hiyo. Mke alivumilia mwezi mmoja kuona mumewe analala kitini, kisha akasogeza kigoda akaketi mbele yake. Walikuwa na miaka ishirini na sita ya ndoa. Binti yao alikuwa ameolewa mji wa pili, na nyumba ilikuwa imebaki ya watu wawili.

"Daktari ndiye kakwambia ulale kwenye kiti?" akauliza.

"Hapana."

"Hakukwambia?"

"Hakuniambia."

"Kuna mtu mwingine?"

"Hakuna."

"Basi mimi nimekukosea nini, mume wangu?"

"Hujanikosea kitu."

Maswali manne, majibu manne, na yote angeweza kuyaapia mahakamani. Lakini pima majibu hayo kwa mizani ya mwanamke aliyeketi kwenye kigoda. Hakuna daktari aliyemkataza mumewe kitanda. Hakuna mwanamke mwingine. Hakuna kosa. Kilichobaki kilikuwa yeye, mwili wake na umri wake, na mtu aliyekuwa amekaa naye robo karne haoni sababu ya kulala karibu naye. Aliinuka, akarudisha kigoda mahali pake, akaendelea kushona. Mwenye kusema kweli nusu kwa adabu hana tofauti kubwa na mwongo, isipokuwa mwongo huwa anajua anachofanya.

Binti yao alipojifungua, mama alikwenda kumsaidia kwa wiki sita. Wiki sita zikawa miezi mitatu. Kisha siku moja mkwe akafika na gari dogo la mizigo, akamwamkia baba mkwe kwa heshima, akanywa maji, akatazama viatu vyake.

"Mama ameniagiza cherehani," akasema. "Anasema kule ana wateja."

"Ipo pale," Jalada akasema.

Akamsaidia kuibeba. Alishika upande wa meza, mkwe akashika upande wa kichwa, na walipoipandisha garini ilibidi ainue uso, na mbingu ikamzunguka, akajishikiza kwenye bodi ya gari mpaka ikapita. Mkwe alidhani ni huzuni, akageuka kando kumsitiri.

Mwanamke akisafiri na begi, amekwenda kutembea. Cherehani ikimfuata, amehama. Jalada alilijua hilo kama anavyolijua kila mtu. Jioni ile alikaa kitini akitazama alama nne za miguu ya cherehani kwenye sakafu, na kwa mara ya kwanza akajipa hesabu yake wazi: akipona atarudi kitandani, na akirudi kitandani, mke atakuwa na pa kurudi. Asipopona, ndiyo basi.

Aliyemwuliza swali lililotakiwa alikuwa mfagiaji wa ofisi, mwanamke wa makamo yake aliyeingia chumba cha nyuma kila asubuhi na ndoo. Siku hiyo Jalada alijisahau, akanyoosha mkono kuchukua bunda la juu huku anatazama. Mfagiaji alimkuta sakafuni amekumbatia mguu wa meza, uso umelowa.

Hakupiga kelele. Aliegemeza ufagio ukutani, akachuchumaa.

"Kaka, inakuja hivi hivi au mpaka ugeuze kichwa?"

"Mpaka nigeuze."

"Na kitandani?"

"Nikilala. Nikigeuka kulia."

"Kushoto je?"

"Kushoto siyo sana."

"Basi hiyo siyo pombe wanayoisema, wala siyo presha. Dada yangu alikuwa nayo. Kulikuwa na daktari bingwa wa masikio, hospitali kuu, ndiye aliyemtoa."

"Sikio langu haliumi."

"Nani kasema linauma? La dada halikuuma hata siku moja, na alikuwa anatambaa kwenda chooni." Akamtazama. "Daktari wako ulimwambia hivi ulivyoniambia mimi?"

"Hakuniuliza."

Mfagiaji akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akaona kwamba mwenzake hachezi. "Kaka yangu," akasema taratibu, "daktari siyo mpiga ramli. Ukimpelekea mdomo umefungwa atakutibu mdomo uliofungwa."

Kwa bingwa haikuwezekana kwenda bila barua ya rufaa, na barua ilitoka zahanati. Jumatatu akaketi tena kwenye lile benchi. Daktari wa siku hiyo alifungua kadi, akauliza presha inaendeleaje, akaambiwa haijulikani, akaanza kuandika vidonge vile vile. Jalada akapokea karatasi, akashukuru, akaenda hadi mlangoni. Pale akasimama. Mgonjwa aliyefuata alikuwa ameshainuka, akamkuta amezuia njia, akarudi kuketi.

Jalada akageuka mwili mzima, akarudi, akashika mgongo wa kiti.

"Kuna jambo hukuniuliza," akasema.

Daktari akaweka kalamu chini. Hakufurahi, kwa maana foleni ilikuwa ndefu. Jalada akayasema yote akiwa amesimama, kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa: akigeuka kulia, akilala, akitazama juu, muda wa kuhesabu ishirini, kizunguzungu hakiji akiwa ameketi wima.

"Tangu lini?"

"Mwaka mmoja na miezi saba."

Daktari akapekua kadi nyuma, ukurasa kwa ukurasa. "Humu hakuna hata mstari mmoja wa hayo."

"Hayapo. Sikuyasema."

"Na sisi hatukuuliza," daktari akasema, na inafaa asifiwe kwa neno hilo. Akaandika rufaa. Bingwa alikuwa mmoja, aliona wagonjwa Alhamisi tu, na nafasi ya karibu ilikuwa baada ya wiki kumi na moja.

Hapa ndipo angeweza kuokoa kilichobaki. Simu ilikuwepo. Alimpigia mke wake kila Jumapili saa kumi, na kila Jumapili akaulizwa hali, akasema nzuri. Akaulizwa presha, akasema ipo vile vile. Barua ya rufaa ilikuwa mfukoni mwake. Hakuitaja. Alijiambia kwamba atakwenda kwake akiwa na jibu kamili, limeandikwa, lina muhuri. Kwa hiyo Jumapili kumi na moja zilipita, na upande wa pili wa simu mwanamke aliendelea kuamini alichokuwa akikiamini, wiki baada ya wiki, mpaka imani hiyo ikakomaa.

Alhamisi yake ikafika. Kwenye kliniki ya masikio wagonjwa waliongea kwa sauti kubwa, na wengine walikuwa na pamba masikioni. Muuguzi aliita jina moja mara nne kabla mwenye jina hajasukumwa bega na jirani. Benchi lote likacheka, na yeye akacheka pamoja nao, bila kujua kilichochekesha. Kila mgonjwa alikuwa na mtu wake. Jalada alishika bahasha.

Bingwa alikuwa mwanamke mfupi, mikono ya koti ameikunja hadi kwenye viwiko. Jalada akamkabidhi bahasha. Akaipokea, akaiweka mezani bila kuifungua.

"Hii nitaisoma baadaye. Niambie wewe."

Akamwambia. Mara ya pili ilikuwa nyepesi kidogo. Bingwa akampandisha kwenye kitanda cha kupimia, akamketisha miguu imenyooka, akamshika kichwa kwa mikono miwili na kukigeuza kulia.

"Nitakulaza ghafla, kichwa kitaning'inia kidogo. Kizunguzungu kitakuja. Usifumbe macho, hata dari likikimbia. Nataka kuyaona."

Akamlaza. Dari likakimbia. Alishika mikono ya yule mwanamke kama anazama, na macho akayaacha wazi.

"Ninayaona," bingwa akasema kwa utulivu. "Yanarukaruka. Hapo hapo. Usiogope, nimekushika."

Mwaka mmoja na miezi kumi dunia ilikuwa ikimzunguka yeye peke yake, hakuna mwingine aliyeiona. Sasa kulikuwa na mtu wa pili aliyesema anaona. Machozi yalimtoka pembeni, yakaingia masikioni, na bingwa akayaacha yatoke.

Kilipotulia alimgeuza kichwa kushoto, akangoja. Kisha akamlaza ubavu wa kushoto, uso unatazama sakafu, akangoja tena. Kisha akamketisha. Wakati wa kungoja alimweleza kwa maneno machache: ndani kabisa ya sikio kuna vijiwe vidogo, vidogo kuliko chembe ya mchanga, vinavyomwambia mtu wapi juu na wapi chini. Vyake vichache vilibanduka, vikaingia kwenye mfereji usio wao, na kila akigeuka vinasukuma maji ya mle ndani, ubongo unadhani mtu anazunguka. Kumgeuza hivi ni kuvirudisha nyumbani kwao. Alirudia mara ya pili toka mwanzo, kisha akamlaza tena kama mara ya kwanza.

Dari lilibaki mahali pake. Lilikuwa na ufa mmoja na bomba la taa lililokuwa likipepesa mwanga. Jalada alilitazama muda mrefu.

"Dawa?" akauliza alipoinuka.

"Hakuna dawa. Ndiyo hiyo. Vidonge vya presha rudi ukapimwe upya, huenda hata huvihitaji. Na hili linaweza kurudi. Likirudi njoo, usikae nalo." Akachungulia mlangoni. "Umekuja na nani? Leo utapepesuka kidogo, usitembee peke yako."

"Sikuja na mtu."

"Nyumbani yupo nani?"

"Hakuna," akasema. Halafu, bila kuulizwa, akaongeza: "Mke wangu alidhani simtaki."

Bingwa akamtazama, akamwita muuguzi amsindikize hadi getini.

Jumamosi alisafiri hadi kwa binti yake. Mke alikuwa kwenye baraza ya nyuma na cherehani, sketi za shule zimepangwa kando kwa rangi, mjukuu amelala kwenye mkeka. Alimkaribisha, akamletea kiti, akarudi kuketi kwenye kazi yake. Jalada akasema yote: alfajiri ile ya kwanza, kiti, mito miwili, kadi, mfagiaji, vijiwe. Akamwekea barua ya bingwa juu ya meza ya cherehani. Mke aliisoma mpaka mwisho, akaikunja vizuri, akamrudishia.

"Nimefurahi umepona," akasema. "Kweli nimefurahi."

"Nimekuja kukuchukua."

Alivuta kitambaa chini ya sindano, akakinyoosha, hakukanyaga. "Nilikuuliza daktari kakwambia ulale kitini. Ukasema hapana."

"Hakuwa ameniambia."

"Najua sasa. Mume wangu, nilikaa miezi mingi nikijitazama kwenye kioo, nikitafuta nimechakaa wapi. Nilipapata. Ukitafuta utapapata tu. Nikalia, nikamaliza, nikajifunza kuishi hivyo. Leo unaniletea karatasi unaniambia lilikuwa sikio."

"Ndilo lilikuwa."

"Sikatai. Ila sikio lilikuwa lako. Mdomo nao?"

Mke akamwandalia chakula, akamwuliza mambo ya nyumba, akacheka alipoambiwa habari ya yule wa kliniki aliyejicheka mwenyewe. Hakumfukuza na hakumtukana. Jioni alimsindikiza hadi barabarani, akamkumbusha asisahau barua, akarudi ndani kumalizia sketi.

Mwezi uliofuata Jalada alimweleza mkuu wake habari yote, akarudishiwa dirisha. Analala kitandani, ubavu anaoutaka. Matibabu yalichukua robo saa. Kuyafikia kulimchukua mwaka mmoja na miezi kumi, na ndani ya muda huo alimpoteza mke wa miaka ishirini na sita, ambaye hajarudi.